Kilomita 665: Historia Fupi ya Safari ya Anga kati ya Dar es Salaam na Nairobi

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko mita 55 hivi juu ya usawa wa bahari. Ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko mita zaidi ya 1,600. Ukivuta mstari ulio mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja hivyo viwili, utapata takriban kilomita 665, au maili za baharini 359 kwa kipimo wakitumiacho marubani. Mstari huo unaelekea kaskazini-magharibi, unapita karibu na Korogwe, unavuka milima ya Usambara, na kuingia Kenya jirani na Ziwa Jipe. Mlima Kilimanjaro unaachwa upande wa kushoto, kama kilomita 30 hivi. Ndiyo sababu abiria wazoefu wa safari hii huomba kiti cha dirishani upande huo wanapokwenda, na upande wa pili wanaporudi.

Ndege ya kisasa yenye mwendo wa kilomita 800 kwa saa ingeumaliza mstari huo kwa dakika 50. Ratiba za mashirika huandika saa moja na robo, wakati mwingine saa moja na nusu. Tofauti hiyo haina fumbo lolote: ndege hutembea ardhini kabla ya kuruka, hupanda taratibu, hufuata njia za anga zilizopangwa badala ya mstari ulionyooka, hupunguza mwendo inapokaribia kutua, na pengine husubiri zamu yake. Kwa barabara, kupitia Arusha na Namanga, safari hiyohiyo ni zaidi ya kilomita 900.

Huenda msomaji akauliza mwanahistoria anatafuta nini katika hesabu ambayo simu yoyote ya mkononi inaweza kuijibu. Jibu langu ni kwamba umbali huu haujabadilika hata kwa mita moja tangu binadamu waanze kuruka, lakini muda wa kuuvuka umebadilika mara nyingi, na si mara zote kwa sababu ya injini. Umewahi kuwa saa nyingi, ukawa saa moja, na kwa vipindi fulani ukawa hauna maana kabisa kwa kuwa serikali zilikuwa zimekataa safari yenyewe. Anayeifuata historia ya kilomita hizi 665 anaifuata pia historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyokufa na hii iliyopo.

Safari za anga za ratiba katika eneo letu zilianza na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane tajiri wa Kiingereza. Jina lake limebaki katika uwanja wa Wilson hadi leo. Mwaka 1937 ndege-maji za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda Durban zilikuwa zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Abiria wa wakati huo alikuwa afisa wa kikoloni, mlowezi au mfanyabiashara mkubwa. Mwafrika alihusika na safari hizo kwa kubeba mizigo, kufyeka viwanja na kulipa kodi.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda shirika moja, East African Airways, lililoanza kazi Januari 1946. Lilianza na ndege sita za aina ya Dragon Rapide, zenye mabawa mawili-mawili, umbo la mbao na turubai, na mwendo wa kilomita 210 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 665 ni kazi ya zaidi ya saa tatu, endapo ndege haitatua popote. Lakini ilitua. Njia ya pwani ilikuwa ni Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, kisha Dar es Salaam, kwa hiyo msafiri aliitumia sehemu kubwa ya siku yake humo.

Mgawanyo wa hisa za shirika hilo unastahili kutazamwa polepole. Kenya ilikuwa na asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, na Zanzibar asilimia 0.7. Hakuna aliyepima hapo idadi ya watu wala ukubwa wa nchi, kwani kwa kipimo chochote cha namna hiyo Tanganyika isingepata sehemu ndogo kiasi kile. Kilichopimwa ni mahali palipokuwa na walowezi, fedha na ofisi. Karakana zilijengwa Nairobi. Makao makuu yalikuwa Nairobi. Mafundi walifunzwa Nairobi. Hili si lawama kwa Wakenya wa leo, wala halikuwa kosa la Wakenya wa wakati ule, ambao wengi wao walikuwa chini ya mkoloni huyohuyo. Lakini bila kulikumbuka, mtu hawezi kuelewa kwa nini miaka 30 baadaye shirika lilipasuka mahali lilipopasuka.

Uwanja wa Embakasi, ambao leo tunauita Jomo Kenyatta, ulifunguliwa mwaka 1958. Ulijengwa katika miaka ya hali ya hatari, na sehemu kubwa ya kazi ya sulubu ilifanywa na wafungwa na mahabusu wa vita vya Mau Mau, waliolazimishwa kuchimba na kusawazisha ardhi chini ya mitutu ya bunduki. Uwanja wa mahali palipoinuka namna ile unahitaji njia ndefu ya kurukia, maana hewa nyepesi huipa bawa nguvu kidogo na injini pumzi kidogo; njia ya Nairobi ina urefu unaozidi kilomita 4, wakati ile kuu ya Dar es Salaam ni kilomita 3. Kila mita ya nyongeza ilikuwa jasho la mtu aliyefungwa bila hukumu. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi jambo hili darasani na kukuta kwamba waliokwisha kupita katika uwanja huo mara kadhaa hawakuwa wamelisikia.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya fahari. Comet 4 ziliingia mwaka 1960, Fokker Friendship zilifuata kwa safari za ndani ya kanda, na mwaka 1966 zikaja Super VC10 kwa safari za mbali. Friendship ilikwenda kilomita 460 hivi kwa saa, na hivyo Dar es Salaam na Nairobi zikawa zimetenganishwa na saa moja na nusu ya kuwa angani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 shirika lilikuwa na ndege za DC-9, zenye mwendo unaokaribiana na wa ndege tunazopanda leo. Hapa kuna jambo linalosahaulika: kwa upande wa mashine, safari hii ilifikia kikomo chake cha kasi zaidi ya miaka 50 iliyopita. Airbus A220 ya Air Tanzania au Boeing 737 ya Kenya Airways haimfikishi abiria mapema kuliko DC-9 ya East African Airways kwa kiasi cha kujivunia. Ndege za panga-boi zinazotumiwa na baadhi ya mashirika katika njia hii huchukua muda mrefu zaidi, ingawa hutumia mafuta kidogo. Tangu wakati huo, karibu kila dakika iliyopotea au kuokolewa kati ya miji hii imeamuliwa ardhini.

Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 ulijaribu kurekebisha urithi wa kikoloni kwa kugawa makao makuu. Sekretarieti ikaenda Arusha, shirika la bandari Dar es Salaam, posta na simu pamoja na benki ya maendeleo Kampala. Reli na ndege zikabaki Nairobi. Ulikuwa mgawanyo wa busara, lakini makao makuu ya shirika ni ofisi na vibao vya majina. Karakana, akaunti na wateja havihamishwi kwa sahihi. Kisha, Januari 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi meza moja naye. Mamlaka ya juu ya Jumuiya, yaani marais watatu, haikukutana tena. Kwa miaka sita mashirika manne makubwa yaliendeshwa bila chombo cha mwisho cha kuamua migogoro.

Tanzania nayo ilikuwa imeanza kutafuta njia ya kumfikisha mtalii kaskazini mwa nchi bila kupitia Nairobi. Uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi, ulikuwa na shabaha hiyo. Hoja ya Dar es Salaam ilikuwa na msingi: mtalii aliyeshuka Nairobi, akalala Nairobi, akakodi gari Nairobi na kuingia Serengeti kwa siku mbili aliacha sehemu ndogo tu ya fedha zake upande wetu. Hoja ya Nairobi nayo ilikuwa na msingi: mtalii huyo alivutwa na huduma ambazo mtu fulani alikuwa amewekeza fedha kuzijenga.

Shirika la ndege ndilo lililotangulia kuanguka. Washirika walizuia kupeleka makusanyo Nairobi, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwa deni, na Kenya ikidai kwamba ndiyo inayobeba mzigo wa wote. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege zilisimama. Kenya ilikuwa tayari: Kenya Airways iliundwa Januari hiyohiyo na kuanza safari mwanzoni mwa Februari. Tanzania ilijibu Februari kwa kufunga mpaka, na magari ya watalii na ndege ndogo kutoka Kenya vikazuiliwa upande wetu. Shirika la Ndege la Tanzania liliundwa Machi. Uganda ilikwisha kusajili lake mwaka uliotangulia. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa rasmi.

Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, miaka sita na miezi tisa. Tanzania ilikuwa na sababu ya kukasirika, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba Kenya ya wakati ule iliingia katika talaka ile ikiwa imeshafungasha mizigo. Lakini kuufunga mpaka kuliwaadhibu zaidi watu wa Tarakea, Holili, Horohoro na Sirari kuliko mawaziri wa Nairobi. Familia za Kimasai, za Kikurya, za Kidigo na za Kichaga zilizokuwa na ndugu pande zote mbili zilijikuta zikiwatembelea kwa njia za panya. Na Nairobi ilizidi kukua kama kituo cha anga bila sisi. Machi 1978 Mzee Kenyatta alifungua jengo jipya la abiria Embakasi, miezi mitano kabla ya kifo chake. Jengo hilo lilipangwa enzi ya shirika la pamoja, likahudumia shirika la taifa moja.

Mgawanyo wa mali na madeni ulichukua miaka saba. Msuluhishi, Mswisi Victor Umbricht, alifanya kazi ya subira kubwa, na makubaliano yakatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Linganisha takwimu hizo na zile za 1946 za shirika la ndege. Hazipimi kitu kilekile, kwa kuwa za 1984 zinahusu mali zote za Jumuiya, lakini zinaonyesha kwamba mezani, mbele ya mtu asiye na upande, hoja ya usawa ilipata nafasi ambayo haikuipata katika vitabu vya hisa.

Ni lazima hapa nieleze kidogo sheria, kwa ajili ya wale ambao kazi yao ya kila siku si anga. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unatambua kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na kwamba safari ya ratiba haiwezi kuingia bila ruhusa ya dola hiyo. Ruhusa hizo huitwa uhuru wa anga na hupewa namba. Wa tatu na wa nne ni ule wa kubeba abiria au mizigo kutoka nchini kwako hadi kwa mwenzako na kuwarudisha. Wa tano unakuruhusu, katika safari iliyoanzia kwako, kuchukua mzigo kwa mwenzako na kuupeleka nchi ya tatu. Ruhusa hizi hupatikana kwa mazungumzo ya nchi mbili-mbili, na karatasi zake huandikwa na maofisa ambao baadhi yao, naamini, wanasoma makala haya.

Viongozi wa Afrika walitangaza Yamoussoukro mwaka 1988, na wakaamua tena mwaka 1999, kwamba anga la bara lifunguliwe. Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga. Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujiunga, Tanzania na Uganda hazikuwamo. Jumuiya mpya, iliyozaliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, ina ibara nzima juu ya usafiri wa anga, na tangu mwaka 2007 ina wakala wake wa usalama wa anga wenye makao Entebbe. Katika usalama tumeweza kushirikiana. Katika haki za kubeba abiria na mizigo tunaendelea kununua na kuuza kama majirani wasioaminiana.

Ushahidi uko karibu. Mwishoni mwa Julai 2020 Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo raia wake wangeingia bila karantini ya UVIKO-19, na Tanzania haikuwamo. Tanzania ikaondoa kibali cha Kenya Airways, na mwezi uliofuata ikaongeza mashirika mengine matatu ya Kenya. Zuio liliondolewa katikati ya Septemba, baada ya Kenya kuiingiza Tanzania katika orodha. Kisha, tarehe 15 Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Kenya Airways isingeruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa: Kenya imekataa ombi la Air Tanzania la kutumia uhuru wa tano kwa ndege yake ya mizigo, kinyume cha hati ya maelewano ya mwaka 2016. Ndege hiyo, Boeing 767, ilikuwa imepokelewa mwaka 2023 kwa fedha za walipa kodi, na ilihitaji mzigo wa Nairobi ili isiruke nusu tupu.

Siku iliyofuata tangazo, Kenya ilitoa kibali, na zuio likafutwa kabla halijaanza. Wengi walishangilia ushindi. Nami nakubali kwamba katika kiini cha jambo Tanzania ilikuwa na haki: Jumuiya inayojiita soko la pamoja tangu mwaka 2010 haina sababu ya heshima ya kuinyima ndege ya mshirika mzigo wa maua na nyama. Kinachonisumbua ni kwamba tishio lilifanya kazi kwa saa 24, jambo ambalo barua za miezi kadhaa hazikulifanya. Ofisa kijana aliyeshuhudia hilo, Dodoma au Nairobi, amejifunza nini? Amejifunza kuwa abiria ni mateka mzuri. Mwanafunzi aliyekuwa na usaili Nairobi, mgonjwa mwenye miadi ya daktari, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza bidhaa: hao hawakuwa na ndege ya mizigo wala kauli katika hati ya 2016.

Kuna kejeli nyingine ndogo. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air, shirika binafsi la Kitanzania, na mwaka uliotangulia South African Airways ilikuwa imenunua asilimia 49 ya shirika letu la taifa, ndoa iliyovunjika mwaka 2006. Maana yake ni kwamba mtaji wa kigeni uliruhusiwa kuingia hadi chumba cha rubani, ilhali ndege ya jirani hugeuzwa silaha pindi pakitokea ugomvi. Si sisi pekee, bila shaka. Viwanja vya Kinshasa na Brazzaville vimetenganishwa na kilomita zipatazo 25 na mto mmoja, na bado ni safari ya kimataifa yenye pasipoti na tozo zake.

Kwa Mtanzania hesabu hiyo iko nyumbani pia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa mstari wa anga ni kilomita 850 hivi. Bukoba ni zaidi ya 1,000, na Kigoma ni karibu 1,080. Zote ni mbali kuliko Nairobi, na zote ni safari za ndani: kitambulisho kinatosha, na hakuna wizara ya mambo ya nje inayoweza kuisimamisha ndege kwa tangazo la siku saba. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatukujiunga na utaratibu huo, kwa sababu za usalama na ardhi ambazo zina uzito wake, lakini ambazo hazielezi kwa nini haki za ndege nazo zibaki katika hali ya mwaka 1977.

Mkataba wa Jumuiya unaliagiza Baraza la Mawaziri kuoanisha sera za anga, na Arusha ipo Mahakama ya Afrika Mashariki yenye uwezo wa kutafsiri mkataba huo. Januari 2024 mgogoro ulimalizwa kwa mawasiliano ya mawaziri wawili wa mambo ya nje na matangazo ya mamlaka mbili. Hati ya 2016 bado ndiyo inayotawala kilomita 665, na kifungu kilichotumiwa kulizuia shirika la Kenya kingali mle ndani, kikisubiri ombi lingine litakalochelewa kujibiwa.